Ukuta wa Herufi M

Ulipita. Usianze kuniambia hukupita, maana nilikuona. Benchi lile refu nje ya masjala ya mahakama ya wilaya, lenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya, ulilipita mbio mbio na shughuli zako. Wanawake walikuwa wameketi pale, mifuko ya plastiki mapajani, karatasi ndani ya mifuko, na mmoja wao akainua macho akakutazama. Wewe ukatoa simu mfukoni ukaiangalia. Simu haikuwa imelia. Ulikuwa unatafuta tu pa kuweka macho.

Aliyekutazama ni dada yangu.

Siandiki haya ili kukutukana, ingawa nikipata nafasi sitaiacha. Naandika kwa sababu yaliyotupata pale sijayaelewa vizuri mpaka leo, na mtu asiyeelewa ana njia mbili: anyamaze, au aseme kwa sauti mpaka wenzake wamsaidie kuelewa. Kunyamaza sikufundishwa. Shule niliacha mapema, kusoma nilijifunzia kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kijijini wananiita Kipaza kwa sababu nikianza sizimwi.

Mambo yalianzia shuleni. Dada yangu ana binti, Kadogo, jina la utani lililomng'ang'ania mpaka kwenye daftari la shule ya bweni anakosoma. Baba yake, fundi bati, aliondoka Kadogo akiwa bado ananyonya. Akaenda zake mbali, akaoa huko, akazaa huko. Sasa mke wa huko ana watoto wadogo wanaofuatana kama ngazi, na nyumba haina mtu wa kufua, kubembeleza na kuchota maji. Ndipo fundi bati akakumbuka kwamba kumbe ana binti, na kwamba binti huyo sasa ana mikono ya kazi. Akaenda shuleni, akamwambia mwalimu mkuu kwamba shule ikifungwa Ijumaa atakuja kumchukua mwanawe moja kwa moja. Huko anakoishi nako kuna shule, alisema. Shule ipi, hakusema.

Mwalimu mkuu akamwita dada yangu. Nami nikaenda, maana mjomba ni mama asiyenyonyesha.

"Mama, mimi sina upande," mwalimu mkuu alisema. "Fomu ya kujiunga ina mstari mmoja tu, na mstari huo una jina la baba."

"Mstari wenyewe ulisema 'jina la baba', mwalimu. Ningemwandika nani, mwenye duka?"

"Nakuelewa. Lakini akija na kitambulisho chake, jina likafanana na la kwenye daftari langu, nitamzuia kwa lipi? Kama kuna karatasi ya mahakama, niletee kabla sijafungua geti Ijumaa."

Karatasi ilikuwapo. Kadogo akiwa mchanga, mahakama ilimpa dada yangu ulezi, kwa hukumu yenye muhuri kabisa. Akaihifadhi ndani ya sanduku, chini ya vitenge vyake vya heshima. Bati la chumba likavuja, maji yakaingia sandukuni, na tulipolifungua karatasi ilikuwa uji. Bati hilo alilipiga fundi bati mwenyewe enzi zile bado ni mume wa mtu. Ukitaka kucheka, cheka. Dada yangu hakucheka.

Mimi ni mtu wa kumbukumbu ndefu. Nakumbuka mizani ya pamba ilivyochezewa, nakumbuka aliyeishika na aliyekuwa amesimama kando akihesabu mawingu. Lakini siku ya hukumu ile sikuwapo. Nilikuwa ndani, nimefungwa kwa maneno niliyoyasema mbele ya mizani hiyo hiyo, na asiyekuwapo na lake halipo. Nilichosikia ni kwamba hakimu alikuja na gari kijijini, akaketi kwenye ukumbi wa ushirika, akasikiliza mashauri ya ndoa na watoto ya tarafa nzima, akaondoka na makabrasha yake.

Na kuna jambo jingine ambalo lazima ulijue. Dada yangu alikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, kabla ya Kadogo. Alikufa kwa homa mwaka uliofuata hukumu ile. Tangu tulipomzika, jina lake halitamkwi nyumbani kwetu. Hakuna aliyetoa amri. Mama yetu alinyamaza, sisi tukanyamaza nyuma yake, majirani nao wakanyamaza kwa adabu. Dada yangu akawa Mama Kadogo kwa kila mtu, na Kadogo mwenyewe akakua akijua kwamba yeye ndiye wa kwanza na wa mwisho.

Basi Alhamisi asubuhi tukafika mahakamani.

Dirishani alikuwapo karani wa masjala, mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijani, kikombe chake cha chai amekifunika kwa kisahani ili inzi wasimtangulie.

"Habari za kazi, dada," nikasema.

"Nzuri. Namba ya kesi?"

"Tumekuja kuomba nakala ya hukumu ya ulezi. Faili lake..."

"Ndiyo. Namba ya kesi?"

"Namba si iko kwenye faili?"

"Iko kwenye faili."

"Basi tupe faili tuisome hiyo namba."

"Nipe namba nikupe faili."

"Dada yangu, hapo alianza kuku au lilianza yai?"

"Hapa hatufugi, kaka. Anayefuata!"

Aliyefuata nyuma yetu akatuonea huruma, akatuonyesha dirisha la mwisho, la mambo ya familia. Tukaenda. Dirisha limefungwa, na kwenye kioo kumebandikwa karatasi: mashauri ya watoto, ulizia jengo la zamani. Jengo la zamani liko ng'ambo ya soko. Tukavuka soko. Tukakuta limekuwa ghala la mbegu, magunia hadi pale alipokuwa akikaa hakimu, na mlinzi amelala juu ya kizimba cha mshtakiwa, kofia usoni.

"Faili?" akasema, hakuinua kofia. "Zilihamishwa wakati wa mvua zile kubwa. Rudini jengo jipya, dirisha la kwanza."

"Dirisha la kwanza ndiko tulikotoka."

"Basi njia mnaijua."

Tukarudi. Karani alikuwa amefunua chai yake.

"Nyie tena? Mmetoka wapi?"

"Jengo la zamani."

"Nani kawatuma huko?"

"Karatasi yenu ile pale kwenye kioo."

Akanyoosha shingo akaangalia. "Ile ni ya enzi za hakimu aliyepita."

"Mbona haijabanduliwa?"

"Gundi yake nzuri," akasema, akanywa chai.

Watu benchini wakacheka, na mimi nilitaka kukasirika nikajikuta nacheka nao, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.   Dada yangu alikuwa ameshika mfuko wake wenye vipande vilivyokauka vya ile karatasi iliyoloa, vipande visivyosomeka hata herufi moja, lakini alikuwa amekataa kuviacha nyumbani.

Tukaandika barua ya maombi, maana bila barua hutafutiwi. Tukaambatisha kivuli cha kitambulisho chake, ada tukalipa, stakabadhi tukapewa. Karani akaisoma barua, akafika chini, akaniangalia.

"Aliyeandika ni wewe. Wewe ni nani katika kesi hii?"

"Mimi ni mjomba wa mtoto."

"Mjomba hayumo. Kuna mdai, kuna mdaiwa, kuna wakili. Wewe ni wakili?"

"Wakili wa wanyonge."

"Huyo hana kiti humu. Mashauri ya watoto hayafunuliwi mbele ya kila mpita njia."

"Mpita njia! Mtoto niliyembeba mgongoni mimi, ananikojolea shati, leo mimi ni mpita njia?"

"Shati sina ushahidi nalo, mzee. Debe tupu haliachi kuvuma."

"Kaka," dada yangu akasema taratibu, "nyamaza. Dada huyu anataka jina, si hotuba."

Likaanza suala la jina. Karani akatafuta jina la dada yangu lililo kwenye kitambulisho. Akaingia ndani, akakaa, akatoka mikono mitupu. Nikasema atafute jina la fundi bati, basi, huyo si alikuwamo kwenye kesi hiyo hiyo? Akanieleza kwa sauti ya mtu aliyewaeleza wengi kabla yangu kwamba faili hukaa kwa jina la aliyeleta kesi. Aliyeletwa haandikwi mgongoni mwa faili. Akarudi ndani, akatafuta jina la dada yangu likiwa limegeuzwa, la ukoo mbele. Hakuna. Akatafuta kwa mwaka. Mwaka huo una faili, lakini si hilo. Nikaanza kuingiwa na shaka ya ajabu. Labda hukumu haikuwapo. Labda dada yangu aliota, nasi sote tukaishi ndani ya ndoto yake kwa sababu ilitufaa. Nilimtazama usoni nikaona naye anajiuliza hivyo hivyo.

"Kesi yenyewe ilisikilizwa chumba gani?" karani akauliza. Watu walikuwa wanapungua.

"Haikusikilizwa hapa. Hakimu alikuja kwetu, ukumbi wa ushirika," nikajibu.

Karani akaweka kikombe chini. "Ukumbi wa ushirika! Na mlikuwa wapi kulisema hilo tangu asubuhi?"

"Hukuuliza!"

"Mzee, ningekuwa namuuliza kila mtu kila kitu ningeshakuwa na mvi kama zako. Mama, wewe pita ndani uone mwenyewe. Wewe mjomba simama hapo kizingitini. Mguu ukivuka, faili linafungwa."

Nikasimama kizingitini. Kutoka pale niliona masjala yote. Rafu za mbao, ukuta hadi ukuta, na juu ya kila rafu herufi kwa rangi nyekundu. A ilikuwa na kijirafu kimoja. B na D zilikuwa zinagawana kingine, jirani na ndoo iliyowekwa kukinga maji ya paa. Kisha ikaja M. M ilianza dirishani ikaenda hadi kwenye kona, ikakata kona, ikapanda mpaka darini na kushuka hadi sakafuni, ambako faili za chini zilikuwa zimekwisha kuwa kahawia, mchwa wamezianza. Ukuta mzima na nusu ya ukuta wa pili.

"M ya nini yote hiyo?" nikauliza.

"Ya Mama," karani akasema.

Akatueleza, na mimi namweleza msomaji kama nilivyoelewa, kama kweli nilielewa. Hakimu yule wa kuzunguka alikuwa na tarishi wake wa kuita watu mlangoni. Tarishi alikuwa mtu wa watu, mwenye adabu zake. Mwanamke mzima, mwenye watoto, amwite jina tupu mbele ya umati? Hata ungemshikia panga asingefanya. Alikuwa akisimama mlangoni anaita: Mama Fulani, ingia. Mama Fulani anaingia, na karani wa siku zile, mstari mrefu, jua kali, anaandika alichokisikia. Kitambulisho nani akiangalie? Kesi ikaenda hadi hukumu kwa jina hilo, faili likapandishwa rafuni kwa jina hilo. Tarafa nzima, miaka yote ile. Wanaume walioleta kesi wana majina yao, wako huko kwenye vijirafu vyao wamejinafasi. Wanawake wote wako M.

Nikwambie ukweli, nilisimama pale sijui nimkasirikie nani. Nimezoea kupata mtu. Pamba ikipungua kuna aliyeshika mizani, shule ikikosa paa kuna aliyekula mabati. Hapa nilimtafuta mwizi nikamkuta mzee mmoja mlangoni, anainamisha kichwa kidogo, anawapa mama zetu heshima yao. Na heshima hiyo ndiyo iliyowazika ukutani.

"Sasa mama," karani akasema, "wewe ni Mama nani?"

"Kadogo," nikajibu mimi kutoka kizingitini. "Mama Kadogo, dunia nzima inajua."

Karani akapanda kistuli. Akapekua, vumbi likashuka, akapiga chafya, akapekua tena. "Mama Kadogo," akasema, akashuka na faili.  Akalifungua juu ya meza, akafika ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti ya kazi:

"'Mahakama inaamuru kwamba mtoto aitwaye Kadogo awe chini ya ulezi wa baba yake, na mama aruhusiwe kumtembelea.'"

Dada yangu hakulia. Alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu pale alipokuwa, juu ya sakafu ya saruji, mfuko wake kifuani.

"Siyo," akasema. "Nilisimama pale. Nilimsikia hakimu. Alinipa mimi."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Alinipa mimi. Au hakunipa? Kaka, nilikuja gerezani nikakwambia nini?"

"Uliniambia umepewa."

"Niliambiwa nimepewa, au nilisikia nilichotaka?"

Hapo ndipo nilipovuka kizingiti, na karani hakufunga faili. "Soma tena," nikamwambia. "Soma kuanzia juu, usiruke."

Akasoma kuanzia juu. Mdai, Mama Kadogo. Mdaiwa, mtu mmoja tusiyemjua, mchunga ng'ombe. Mtoto mmoja, Kadogo, wa kiume.

"Wa kiume!" nikapiga meza.

"Usipige meza ya serikali."

"Kadogo wetu ni binti! Na baba yake hajawahi kuchunga hata mbuzi, ni fundi bati!"

Karani akarudi kuangalia, akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Ni Mama Kadogo mwingine," akasema polepole. "Kila nyumba ina kadogo wake." Akapanda tena. Walikuwapo Mama Kadogo wengine, zaidi ya mmoja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa dada yangu. Akashuka. Jua lilikuwa limeshahama kwenye dirisha. Akaketi kwenye kistuli, magoti yake karibu yaguse magoti ya dada yangu aliyekuwa bado chini, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake haikuwa ya dirishani.

"Mwenzangu, hebu kumbuka. Siku ile umekaa nje ya ukumbi. Tarishi akatoka mlangoni, akakuita uingie. Alikuitaje?"

Nikafungua mdomo nijibu, maana ndiyo kazi ya mdomo wangu. Nikamwona dada yangu uso. Nikaufunga.

Nje mtu alikuwa anafagia. Tuliusikia ufagio ukija hadi karibu na mlango, ukarudi.

"Tafuta Mama Tabasamu," dada yangu akasema.

Sikuwa nimelisikia jina hilo tangu makaburini. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa analia kama wote lakini baada ya hapo hakulia tena, alikuwa anacheka tu, hata ukimwogesha maji baridi. Bila shaka dada yangu aliitwa hivyo siku ile. Tabasamu alikuwa hai, amemshika upindo wa khanga. Angeitwa nani tena? Kama alilijua hilo tangu tuliposimama dirishani asubuhi, au lilimjia pale pale sakafuni, mpaka leo sijamuuliza, na sijui kama nataka kujua.

Faili lilikuwa jembamba, rafu ya pili kutoka chini. Pembe moja mchwa walikuwa wameionja. Karani alilifungua akasoma kimya, midomo inacheza. Akafika mwisho. Safari hii hakusoma kwa sauti. Aligeuza faili, akaliinamisha hadi usawa wa macho ya dada yangu, akaweka kidole chini ya mstari. Watoto wote wawili, Tabasamu na Kadogo, wawe chini ya ulezi wa mama yao. Dada yangu naye akaweka kidole chake, si kwenye neno mama, bali kwenye lile jina la kwanza, akakiacha hapo mpaka karani akaenda kumwaga chai iliyopoa na kurudi.

Ungedhani yameisha. Nakala bila muhuri ni karatasi ya kufungia maandazi, na muhuri ulikuwa kwa msajili, na msajili alikuwa mazishini. Tukalala kwa mtu mmoja tuliyefahamiana naye tangu siku za pamba. Ijumaa asubuhi msajili akaja, mtu mwembamba mwenye haraka, akashika nakala mkono huu na kitambulisho mkono huu.

"Majina hayafanani."

"Mahakama yenu ndiyo iliyoniandika hivyo," dada yangu akasema.

"Inawezekana. Sikiliza, mama. Muhuri wangu unasema karatasi hii ni sawa na ile iliyomo kwenye faili. Basi. Kwamba wewe ndiye huyo aliyemo, muhuri haujui."

"Na nani anajua?"

"Anayekujua," akasema, akagonga muhuri.

Nilitaka kumwuliza ana maana gani, mtu anaomba haki yake kwa karatasi halafu karatasi inataka mtu. Lakini geti la shule halikuwa linatungoja.

Tulipofika, fundi bati alikuwa amekwisha kufika. Alikuja na pikipiki, na sanduku la Kadogo lilikuwa limekwisha kufungwa nyuma kwa mpira. Kadogo amesimama kati ya pikipiki na mwalimu mkuu, sare bado mwilini, hajui aende kwa nani. Alipotuona akapiga hatua moja, akasita, akamtazama mwalimu.

Mwalimu mkuu akapokea nakala. Akasoma mbele, akageuza nyuma, akarudi mbele.

"Muhuri nauona. Lakini mama, hapa pameandikwa Mama Tabasamu. Kitambulisho chako jina jingine, na mimi hapa nakufahamu kama Mama Kadogo. Na watoto ni wawili. Kadogo ninaye. Huyu Tabasamu yuko wapi?"

Dada yangu akaukumbatia mfuko wake.  

Mwalimu mkuu akamgeukia fundi bati. "Baba, wewe unamjua Mama Tabasamu?"

Nikaona mchezo wote umeangukia mikononi mwake. Neno moja tu, simjui, na karatasi yetu ni ya mwanamke mwingine. Nasi tulikwisha kuwaona ukutani wanawake wengine, Mama Fulani juu ya Mama Fulani, nani angebisha? Sanduku lilikuwa nyuma ya pikipiki tayari. Nami nilikuwa na langu la siku nyingi juu yake. Siku tulipomzika yule mtoto, fundi bati alifika kaburi limekwisha kufukiwa. Alisimama barabarani na baiskeli yake, hakuja karibu, akageuza akaenda. Nililihifadhi hilo miaka yote, nikinoa maneno ya kumwambia.

Fundi bati alivua kofia. Akaitazama ndani, kama kuna kitu alikiweka humo.

"Tabasamu ni mwanangu," akasema. "Wa kwanza. Alishatutangulia."

"Pole," mwalimu mkuu akasema, na sauti ikampungua. "Na mama yake?"

Akamwelekeza dada yangu kwa kidevu. "Ndiye huyo. Hakuna mwingine."

Kisha akafungua ule mpira. Fundo lilimshinda mara ya kwanza. Akalishusha sanduku, akaliweka miguuni pa dada yangu, akawasha pikipiki. Hakuaga. Maneno niliyoyanoa yalibaki mdomoni, na mpaka sasa sijui nimweke fungu gani mtu huyu, aliyekuja kumwiba mtoto mmoja akashindwa kumkana mwingine.

"Mama," Kadogo akauliza, vumbi la pikipiki halijatua, "Tabasamu ni nani?"

Dada yangu akamshika mkono, akaanza kumweleza pale pale getini, na alikuwa bado anamweleza tulipofika nyumbani. Mimi nilibeba sanduku nikanyamaza njia nzima. Uliza mtu yeyote wa kwetu, jambo hilo halijawahi kutokea.

Sasa wewe. Weka simu chini. Ukuta ule upo, herufi M, na ndoo ile ya kukinga maji nimeiona kwa macho yangu ikiwa imejaa. Rafu za chini zimekwisha kuwa chakula. Kila faili pale ni mtoto aliyepewa mtu, na siku moja mtu mwingine atakuja na kitambulisho na mpira wa kufungia sanduku. Mama yako yumo humo. Kama si mama yako, shangazi yako, au dada yako. Nenda ukamuulize leo: siku ile mlangoni, tarishi alikuitaje? Akinyamaza, kaa naye. Jina likiuma, liache liume, lakini litoke mwenye kulitamka angali hai, maana muhuri haulijui na mchwa hawaulizi. Ukishalipata usilitie kwenye barua ukaituma. Mshike mkono, mpeleke dirishani kabla halijafungwa, mdai nakala yake, na msiondoke bila muhuri.

Na utakapopita lile benchi, kuna mtu atainua macho. Safari hii mtazame, umuulize anatafuta jina gani. Inuka.